"Mtawa" wa George Inness: Juu ya Mandhari Yenye Ukuta

Wachoraji wa Marekani waliokwenda Italia katika karne ya 19 walikuwa wengi, na picha walizorudi nazo ni nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya picha hizo zafanana: uwanda wa Campagna nje ya mji wa Roma, matao ya mfereji uliobomoka, mchunga mbuzi, milima ya rangi ya zambarau kwa mbali, na nuru ya jioni iliyopakwa juu ya vyote kama samli juu ya mkate. Picha ninayokusudia kuizungumza katika makala hii ilichorwa mwaka 1873 na mmoja wao, George Inness, nayo haina hata kimoja katika hivyo ila nuru ya jioni. Jina lake kwa Kiingereza ni The Monk. Nasi twaweza kuiita Mtawa bila ya kupoteza kitu. Na kama nitakavyojaribu kuonyesha, huenda tukapata kitu ambacho jina la asili halina. Picha yenyewe imo katika Addison Gallery of American Art, jumba la sanaa la shule ya Phillips Academy, mjini Andover, katika jimbo la Massachusetts.

Yasemwa aghalabu kwamba hii ni picha ya upweke. Mtu mmoja mdogo mno, miti mikubwa mno, jua limekwisha kuchwa: basi upweke. Sikatai kwamba mtu huyo yu peke yake. Nakataa kwamba upweke ndio habari ya picha. Habari yake, kwa maoni yangu, ni kuwamo ndani. Na tofauti ya mambo hayo mawili si ndogo. Mtu aweza kuwa peke yake jangwani, lakini hawezi kuwa ndani ila pawe na kitu kimzungukacho. Na kitu hicho kina mwenyewe, kina mlango, na siku moja chaweza kufungwa au kufunguliwa kwa amri ya mtu mwingine.

Tuanze na yaonekanayo. Turubai ni pana kuliko kimo chake: upana wapita mita moja na nusu, na kimo ni kama mita moja. Upana huo haukugawanywa kwa vitu vilivyosimama, bali kwa mapande yaliyolala, moja juu ya jingine, kama matabaka ya udongo yaonekanavyo ukingoni mwa kisima kipya. Chini ni ardhi ya bustani, nayo ina giza. Katika giza hilo yumo mtawa, amevaa joho jeupe lenye kofia iliyoshonwa pamoja nalo. Ni mdogo hata mtu apitaye upesi mbele ya picha aweza kumkosa. Uso wake hausomeki, wala hatuoni kazi yo yote mikononi mwake. Nyuma yake wapita ukuta. Ipo mizeituni, majani yake yamefifia kama moshi. Kisha juu ya haya yote yasimama misunobari ya Italia, ile iliyo na umbo la mwavuli: mashina marefu matupu, na juu kabisa vilele vilivyoungana vikawa wingu moja jeusi, limelala sambamba na ardhi. Kati ya wingu hilo na ardhi ndipo ilipo mbingu, nayo ni manjano.

Manjano hayo yafaa kusemwa kwa uangalifu. Si dhahabu ile ya jioni ambayo wanunuzi wa Boston na New York walikwisha kuizoea, ile iletayo usingizi. Ni rangi nzito, kali kidogo, ya karibu kuudhi macho. Na kwa sababu imebanwa juu na vilele na chini na giza la bustani, yaonekana kama ile nuru ipitayo chini ya mlango uliofungwa. Aliye gizani aiona, lakini haimfikii. Joho la mtawa halikupata manjano yo yote kutoka mbinguni. Weupe wake ni weupe wa nguo, baridi, wa mtu aliye kivulini.

Mtazamaji aliyezoea picha za mandhari za Ulaya ataona hapa jambo la pili, nalo ni kwamba hakupewa njia. Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma na kufa mwaka 1682, aliwafundisha wachoraji wa karne mbili namna ya kumwingiza mgeni katika picha: miti mikubwa upande mmoja kama pazia lililofunguliwa, kisha maji katikati, kisha daraja au mnara, kisha ukungu wa nuru ambamo jicho lapotea kwa raha. Inness aliijua kanuni hiyo vizuri, na katika safari yake ya kwanza ya Italia, mwaka 1851 na 1852, aliifuata. Katika Mtawa ameitupa. Jicho laanza kwenda, lapiga ukuta. Lapanda juu ya ukuta, lapiga mashina. Lajaribu kupita kati ya mashina, na huko nyuma hakuna bonde wala ziwa wala mji wa kupumzikia, ila yale manjano. Jicho larudi chini kwa mtawa kwa kuwa halina pa kwenda, na ndipo lamwona kwa mara ya kwanza. Huu ndio ufundi mkuu wa picha hii: mtawa hakuonyeshwa kwa nuru wala kwa ukubwa, bali kwa kuzuiwa kwetu.

Hapa lugha yetu yafaa kushauriwa, si kwa mapambo, bali kwa kuwa yatenganisha vitu ambavyo Kiingereza kimevichanganya. Neno la Kiingereza litumikalo kumtaja mtu huyu latokana na Kigiriki, nalo kwa asili yake latangaza hali ya kuwa mmoja, peke. Msomaji wa Kiingereza asomapo jina la picha amekwisha kuambiwa upweke kabla hajatazama. Neno letu latoka kwingine. Kutawa ni kukaa ndani, kujitenga na macho ya njiani. Lilitumika sana pwani kwa mwanamke wa heshima asiyetoka nje ovyo, na likatumika pia kwa mtu aliyeiacha dunia akashika ibada, ndipo makanisa yakalichukua kwa ndugu na masista wao. Katika maana zote hizo hapana upweke. Mwanamke wa kutawa hakuwa mpweke. Nyumba yake ilijaa mama, shangazi, wifi, wajukuu na watumishi, na pengine alitamani upweke asiupate. Kilichomfanya kuwa mtawa ni kizingiti. Mfasiri atakayeandika chini ya picha hii "mtawa mpweke", kama ninavyoogopa kwamba mtu atafanya siku moja, atakuwa ameongeza neno moja na kupoteza picha nzima.

Na kama jina la picha latusaidia, jina la aina ya picha latupinga. Tumezoea kusema "picha za mandhari", na wengine, kwa kutaka kueleza zaidi, husema "mandhari ya asili". Mandhari ni neno jema. Mzizi wake wa Kiarabu ni kutazama, kwa hiyo latukumbusha kwamba pana mtu atazamaye. Neno la Kiingereza, lililochukuliwa kwa Waholanzi, hutaja kwanza kipande cha nchi. Lakini "asili" yafaa kuondolewa hapa. Katika Mtawa hakuna kilichojiotea. Mizeituni hupandwa. Ukuta hujengwa. Hata ile misunobari, iliyo na sura ya kitu cha kale kuliko watu, ni mti uliopandwa na watu wa Italia tangu zamani kwa ajili ya mbegu zake ziliwazo na kwa kivuli chake. Matawi yake ya chini hukauka kadiri mti ukuavyo, au hukatwa na watunza bustani, ndiyo maana mashina yamekuwa nguzo. Nguzo, dari na ukuta: mchoraji ametupa nyumba, ila nyumba hiyo haikuezekwa kwa vigae.

Wala hili si kuisomea picha yale ambayo mwenyewe hakuyafikiri. Inness alikuwa msemaji mkali, na mwaka 1878 maneno yake juu ya uchoraji yalichapishwa katika gazeti la Harper's New Monthly Magazine. Humo alisema wazi kwamba nchi iliyokaliwa na kufanyizwa na watu ndiyo iwezayo kubeba hisia za binadamu, na kwamba aliipenda kuliko nchi ya pori isiyofugwa. Kauli hii ilikwenda kinyume cha fahari ya taifa lake. Wamarekani wa kizazi kilichomtangulia walijivunia pori: maporomoko, misitu isiyokatwa, milima isiyo na jina. Frederic Church alikuwa amewajaza New York kwa picha yake kubwa ya milima ya Andes mwaka 1859, watu wakalipa kiingilio kwenda kuitazama. Inness hakuwa na haja ya milima isiyo na jina. Alitaka mahali ambapo mtu amekwisha kupita, akaacha alama ya kiatu au ya jembe. Na Italia, nchi iliyolimwa na kupandwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, ilimfaa kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya magofu yake.

Juu ya magofu yafaa tuseme zaidi, kwa kuwa hapo ndipo Inness alipoachana na mtu aliyewafungulia Wamarekani njia ya Italia. Thomas Cole, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani akiwa kijana, alikaa Italia mwaka 1831 na 1832. Katika mwaka huo wa pili alichora picha ya mfereji wa Claudius nje ya Roma, ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis. Mfereji huo ulianzwa mwaka 38 na kumalizika mwaka 52 baada ya Kristo. Ulileta maji Roma kutoka vilimani, na sehemu ya njia yake ilipita juu ya matao. Mwaka 537 Wagothi walioizunguka Roma waliikata mifereji, maji yakakoma. Cole ameyachora matao hayo yakienda mbali uwandani, na mbele kabisa, miguuni mwa mtazamaji, ameweka fuvu la kichwa cha mtu.

Fuvu hilo ni kosa. Nasema hivyo kwa heshima, maana nuru na umbali katika picha hiyo ni kazi ya fundi, na kama fuvu lingaliondolewa picha ingalisimama. Lakini Cole hakuamini kwamba matao yaliyobomoka yaweza kusema yenyewe. Alitaka pawe na mkalimani. Msomaji aliyelelewa kwa Al-Inkishafi atalitambua fuvu mara moja na kudhani yuko nyumbani, na hapo ndipo penye hatari. Katika Al-Inkishafi mshairi ausemesha moyo wake mwenyewe, na majumba ya Pate yaliyoanguka ni ushahidi katika kesi ya mtu na nafsi yake. Fuvu la Cole halimsemeshi Cole. Lamsemesha mnunuzi wa picha, nalo lamwambia jambo ambalo mnunuzi alilijua kabla hajatoka kwake. Miaka michache baadaye, kati ya mwaka 1833 na 1836, Cole aliyaendeleza mahubiri hayo katika picha tano za kuinuka na kuanguka kwa dola, ambazo sasa ziko The New York Historical. Na humo, kwa kuwa tangu mwanzo alikusudia mahubiri, amefaulu zaidi.

Sasa tumrudie Inness. Mahali alipochora Mtawa, kwa maoni ya wataalamu wa kazi zake, ni bustani ya Villa Barberini huko Castel Gandolfo, juu ya ziwa Albano, kusini mashariki ya Roma. Bustani hiyo ilitengenezwa na ukoo wa Barberini katika karne ya 17 juu ya mabaki ya kasri ya Domitianus, aliyekuwa kaisari kuanzia mwaka 81 mpaka 96. Kasri hiyo haikupotea kabisa. Kuta na nguzo zake zaonekana bustanini hata leo. Yaani Inness alikuwa na nyumba ya kaisari chini ya miguu yake, na ziwa maarufu mbele yake, na ikulu ya kiangazi ya Papa jirani yake. Wachoraji wangapi wangaliacha vyote vitatu? Yeye ameacha vyote vitatu. Hakuweka jiwe hata moja la Domitianus. Alichokichukua ni ukuta usio na tarehe.

Hata hivyo tarehe ya picha twaijua, nayo yataka kuzingatiwa. Inness aliwasili Italia kwa safari yake ndefu mwaka 1870. Tarehe 20 Septemba ya mwaka huo huo majeshi ya Mfalme wa Italia yaliingia Roma, na utawala wa Papa juu ya nchi, ambao ulikuwa umedumu zaidi ya miaka elfu moja, ukakoma. Tangu mwaka 1866 dola ya Italia ilikuwa na sheria ya kuvunja mashirika ya watawa na kutwaa mali yao. Katika Juni mwaka 1873 sheria hiyo ilipelekwa mpaka Roma na jimbo lake. Nyumba za watawa zikahesabiwa, vitabu vyao vikaorodheshwa, majengo mengi yakageuzwa kuwa ofisi za serikali, shule na kambi za askari. Mwaka huo wa kufunguliwa milango ndio mwaka ambao Mmarekani huyu alichora mtu wa kutawa akiwa bustanini, jua limekwisha kuchwa.

Sidai kwamba Inness alichora gazeti. Mtu aliyesema kwamba kazi ya sanaa haikusudii kufundisha wala kuadilisha, bali kuamsha hisia moja tu, hakuwa mtu wa kuchora amri za bunge. Ninalodai ni dogo zaidi, lakini nadhani halibishiki: kwamba katika mwaka 1873, karibu na Roma, mtawa nyuma ya ukuta hakuwa alama ya milele. Alikuwa mtu mwenye shida ya makazi. Na picha yaijua shida hiyo kwa namna yake yenyewe, kwa kuwa ukuta ule, kama mahali ni pale tulipopataja, si ukuta wa watawa. Ni ukuta wa Barberini. Mtawa huyu yumo ndani, lakini yumo ndani mwa mwingine. Hakai, apita. Ukubwa wa miti juu yake si ukubwa wa maumbile mbele ya binadamu mnyonge, kama tuelezwavyo daima, bali ni ukubwa wa mali ya mtu mbele ya mtu asiye na mali. Nikiisha kuliona hilo siwezi tena kuiona picha kuwa ya utulivu, ijapokuwa kila kitu ndani yake kimetulia.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni ya kumpamba mfanyabiashara. Hoja hiyo ina nguvu, na yafaa kuelezwa kwa nguvu zake zote. Inness hakwenda Italia kwa kutafuta ukweli peke yake. Alikwenda kwa mapatano na wauza picha wa Boston, Williams & Everett, ambao walimpa fedha naye akawapa picha, kwa kuwa Marekani, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, ilikuwa na matajiri wapya waliotaka Italia iliyotundikwa ukutani. Katika bidhaa hizo mtawa alikuwa kitu cha kupendeza, kama mchunga mbuzi na msichana mwenye mtungi: Mprotestanti wa Boston, ambaye asingalimkaribisha mtawa chakulani, alifurahi kuwa naye sebuleni katika fremu ya dhahabu. Picha nyingi za Inness za miaka hiyo, ni lazima tukiri, zauzika kwa urahisi mno. Zina mizeituni yake, zina ziwa lake, zina kanisa lake mlimani, na macho yapita juu yake bila ya kujikwaa.

Lakini kumbukumbu ya safari lazima ionyeshe kitu, au haina faida kwa mnunuzi. Na Mtawa yaficha. Msichana wa mtungi huwekwa mbele, kifuani mwa picha, ili mavazi yake yahesabike. Huyu hana mavazi ya kuhesabika. Hatuwezi kusema ni wa shirika gani, tukiwa na yakini, kwa doa jeupe namna hiyo. Ziwa halimo. Kanisa halimo. Aliyeinunua Italia kwa picha hii alipewa ukuta na manjano makali, na sidhani kwamba ndiyo aliyoyaagiza. Bidhaa na sanaa zilitoka mkono mmoja katika mwaka mmoja, kama itokeavyo kwa washairi waliotunga kwa malipo na bado wakatunga vizuri; kazi ya mhakiki ni kutenga, na hapa kutenga si kugumu.

Wapo pia wafasiri wa namna nyingine, wenye ufunguo. Katika miaka ya 1860 Inness aliyaingia mafundisho ya Emanuel Swedenborg, Msweden wa karne ya 18 aliyefundisha kwamba kila kitu cha ulimwengu huu kina mwenziwe katika ulimwengu wa roho. Inness aliyashika kwa moyo wote, na mwaka 1867 aliandika makala juu ya rangi na maana zake za kiroho. Basi watu huichukua makala hiyo, huitia mbele ya mbingu ya Mtawa, na kusoma: manjano maana yake hivi, nyeupe maana yake vile. Nadhani sisi tuliozoea kamusi tuna haki ya kusema kwamba kamusi haisomi shairi. Neno lina maana katika kamusi na lina kazi katika ubeti, na kazi hiyo hutegemea jirani zake. Manjano ya picha hii yana kazi kwa kuwa yamebanwa. Yangalitandazwa juu ya mbingu wazi yangalikuwa na maana ile ile ya Swedenborg na yasingalifanya kitu. Ninaloliona la Swedenborg hapa ni moja, nalo ni la jumla: Inness hakuona haja ya kuweka fuvu. Mtu aaminiye kwamba mti wenyewe umekwisha kusema haongezi mkalimani.

Kasoro zipo. Sehemu ya chini imetiwa giza kupita haja, hata mahali pengine jicho haliwezi kutofautisha udongo na jani. Na sidhani kwamba kila giza hapo lilikusudiwa. Mizeituni, nayo, ni dhaifu. Imechorwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka ya kufika kwenye misunobari, na yabaki kama kitu cha kujazia. Mtu aweza kujibu kwamba udhaifu huo wazipa nguzo nguvu. Sikubali. Penye mapande machache namna hii kila pande lazima lilipe kodi yake, na pande la mizeituni hailipi.

Tena lipo jambo la ukubwa wa mtawa, ambalo wengi hulisifu. Kumfanya mtu mdogo ili mandhari iwe kubwa ni hila ya kale, na kila mwanafunzi wa uchoraji aijua. Kama Inness angalifanya hivyo tu, nisingaliandika makala. Tazama, lakini, jinsi udogo huo ulivyotumika. Katika picha za hila, yule mtu mdogo hutazama: amesimama ukingoni mwa jabali, mgongo wake kwetu, nasi tutazama pamoja naye, tukajiona tumekuwa wadogo kwa hiari na kwa raha. Mtawa wa Inness hatazami mbingu. Manjano yote yale, nguzo zote zile, hazimhusu. Kwa hiyo hatuwezi kumtumia kuwa macho yetu. Sisi twaona kile asichokiona, naye anajua kile tusichokijua, na ukuta mmoja watuzuia sote. Sijui picha nyingine ya mandhari ya Kimarekani ya wakati huo ambayo imempa mtu mdogo namna hii haki ya kutokuwa mali ya mtazamaji.

Inness alirudi Marekani mwaka 1875. Mwaka uliofuata alitengeneza picha nyingine ya misunobari ile ile, kubwa sana, upana wake mita tatu na kimo chake mita mbili hivi, ambayo tangu mwaka 1898 ni mali ya Metropolitan Museum of Art, New York. Ni kazi ya fahari. Weusi wa miti ni mzuri, na aliyesimama mbele yake hushikwa na kicho. Lakini ile ya 1873 ilipewa jina la mtu. Hii ya 1876 yaitwa Pine Grove of the Barberini Villa: imepewa jina la miti, na la mwenye miti.